Tangazo la Mama Mbula

Siku ya mechi, kabla Kyule, mtangazaji wa treni, hajawasha maiki, spika za kituo zilivuta pumzi.

Alidhani ni upepo. Kituo chenyewe ni kidogo, kimebanana na ukuta wa uwanja wa michezo hapa Makindu, na vumbi la mashabiki huingia hadi kwenye kibanda cha kutangazia treni. Akachomoa waya. Spika zikaendelea kuhema, taratibu, kama mzee aliyepanda ngazi. Kisha ikaja harufu ya njugu zinazoungua.

Kyule akajishika shingo. Muuza njugu wa pale alikuwa Mama Mbula, kipofu, na walikuwa wamemzika majuzi.

Kila jioni mama huyo alivuka reli kurudi kwake, na macho yake yalikuwa sauti ya Kyule. "Mwaitu, ngoja, treni inakuja," alikuwa akitangaza, akimwita mama kwa Kikamba, naye akisimama. Lakini siku ya fainali, wiki iliyotangulia, goli liliingia, uwanja ukalipuka kwa kelele, Kyule akatoka mbio kuchungulia juu ya ukuta. Treni ikafika bila neno. Mama Mbula alitega sikio, hakusikia kitu ila kelele za uwanja, akavuka.

Wakubwa walipomuuliza, Kyule alisema, "Nilitangaza. Labda kelele ndiyo ilimzuia kusikia." Wakaamini. Hata Mumbua, binti ya marehemu, alimshika mkono matangani na kumwambia, "Asante kaka, ulimtunza sana." Siku hiyo Kyule alishindwa kula.

Sasa spika zikanong'ona: "Kyule, mwanangu, nivuke?"

Abiria hawakugeuka. Yeye peke yake ndiye aliyesikia, na tangu hapo hakuacha kusikia, kwanza kwenye spika, kisha kwenye simu aliyokuwa ameizima, kisha kanisani katikati ya nyimbo, na ile harufu ikimfuata hadi kitandani, ikimwingia puani na kumshuka kooni, mpaka akawa anaamka akitema maganda mekundu ya njugu ambazo hakuwa amezila, na mkewe akahamia chumba kingine.

Mchungaji aliomba mpaka akapotewa na sauti. Mwishowe Kyule alienda kwa Mzee Hersi, anayewasomea Kurani wenye majini, akamweleza yote. Mzee alisoma, akasita, akafunga kitabu.

"Huyu si Mama Mbula," alisema polepole. "Ni jini, limevaa sauti yake."

"Litoe, mzee, nakuomba."

"Nalisomea, linacheka. Kijana, linakula ule uongo wako. Mwambie binti ukweli, litakufa njaa."

Mchana huohuo Kyule alimkuta Mumbua mlangoni mwa kituo, kwenye meza ya mamake. Akapiga magoti vumbini.

"Mumbua, ile siku..."

Ulimi wake ukawa mzito. Maneno yakatoka, lakini hayakuwa yake.

"Mumbua, mwanangu, Kyule alitangaza. Ni mimi sikusikia. Usimlaumu."

Kikombe cha kupimia njugu kikamponyoka Mumbua.

"Mwaitu?" Akamkumbatia Kyule shingoni, akilia kwa furaha na hofu. "Mwaitu, ongea tena! Ongea na mimi!"

Kyule aliuma meno, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, machozi yakimbubujika, akitikisa kichwa hapana, hapana, hapana. Na kile kitu, kwa upole wote wa mzazi, kikaendelea kumbembeleza yule binti kupitia katikati ya vidole vyake.