Mkataba wa Vyerehani Ishirini

Kila asubuhi, kabla ya kufungua sanduku lake la vifaa, Benedikta hufanya ishara ya msalaba. Kisha huwasha redio ya nyimbo za kwaya, hufagia kizingiti na kuketi kazini. Yeye ni fundi wa kutengeneza vyerehani, hapa Mtendeni, Tabora. Ufundi huo alifundishwa bure na masista wa Kitete, alipofiwa na mume akiwa bado kijana, hana mbele wala nyuma.

Asubuhi moja redio haikusikika.

"Mwangaluka, shoga!" Anifa alimsalimu kwa Kinyamwezi, akaingia na bakuli la michembe ya viazi vitamu. Anifa ni fundi wa majokofu, chumba cha pili. "Mbona kimya? Kwaya imekwenda wapi leo?"

"Redio nimeiuza, dada Anifa. Na bado kodi ya miezi miwili sijalipa. Mwenye nyumba amesema nisipolipa hadi mwisho wa mwezi, nihame."

Anifa akaweka bakuli chini. "Wewe? Mwenye mkataba wa mwaka mzima na masista?"

"Huo huo ndio ulionimaliza."

Benedikta akamweleza. Mwaka uliopita Sista Levina, mkuu wa chuo chao kidogo cha ushonaji, alimwuliza, "Utatutunzia vyerehani vyetu ishirini kwa shilingi ngapi kwa mwaka?" Benedikta hakupiga hesabu. Alikumbuka tu wema wa masista. Akajibu, "Laki tatu, Sista. Kila kitu humo humo."

Kila kitu! Nauli humo, mafuta humo, sindano na mikanda humo. Mota mbili zikaungua, akazinunua kwa pesa yake. Ilipofika Oktoba hakuwa hata na nauli ya bodaboda. Alipoitwa, alifika chuoni baada ya siku nne. Vyerehani vitatu vilikuwa vimelala, wasichana wanangojea zamu, na mtihani wao umekaribia.

"Jumatatu tunaandika mkataba mpya," alisema Benedikta. "Nitawatajiaje bei kubwa watu walionipa ujuzi huu?"

"Basi wape bei ndogo, halafu wakose fundi," alisema Anifa. "Hiyo ndiyo asante yako?"

Benedikta akalivuta daftari lake. Neno lile lilimwingia.

"Haya, shika kalamu," alisema Anifa. "Mimi kabla ya kuhesabu pesa, nahesabu siku. Unakwenda mara ngapi kuvisafisha na kuvikagua?"

"Kila baada ya miezi miwili. Mara sita kwa mwaka. Kila mara natumia siku mbili, maana ni vyerehani ishirini."

"Siku kumi na mbili. Na wanapokuita kwa dharura?"

Benedikta akafungua daftari. "Waliniita mara kumi na nne. Kila mara nusu siku."

"Siku saba nyingine. Jumla kumi na tisa. Ukikaa hapa, siku moja unapata ngapi?"

"Kama elfu ishirini na tano."

"Siku unayowapa masista ni siku ile ile. Ina bei ile ile."

Ufundi peke yake ukafika laki nne na elfu sabini na tano. Wakaongeza nauli. Wakaongeza mafuta, sindano na mikanda. Wakaongeza fungu dogo la kodi ya chumba, kisha faida na akiba ya dharura. Jumla ikawa laki nane na nusu.

"Maskini mimi!" alisema Benedikta. "Na mota bado hazimo!"

"Wala usiziweke. Nani ajuaye mota itaungua lini? Andika hivi: kipuri kikubwa kikiharibika, chuo kinanunua, wewe unafunga. Na nusu ya malipo itolewe mwanzoni."

"Sista akisema hana pesa hiyo?"

"Usikate bei peke yake, shoga. Punguza na kazi. Kazi nzima kwa bei ya nusu ndiyo iliyokula redio yako."

Jumapili Benedikta alipiga magoti kanisani muda mrefu. Hakuomba pesa. Aliomba ujasiri wa kusema kweli.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista," alisema Jumatatu.

"Milele, amina. Karibu, binti yangu."

Sista Levina akaisoma karatasi polepole. "Benedikta! Hii ni karibu mara tatu ya mwaka jana."

Laki tatu ilikuwa mdomoni mwa Benedikta tayari. Kisha akawakumbuka wale wasichana wakingojea zamu.

"Sista, bei ya mwaka jana nilikosea mimi. Ndiyo iliyonichelewesha siku nne. Sikuwa na nauli."

Sista akavua miwani. "Kumbe! Sisi tulidhani umetuchoka." Akatikisa kichwa. "Lakini tulichonacho ni laki saba na nusu tu."

"Basi nitakuja kila baada ya miezi mitatu. Mara nne badala ya sita. Siku nne zikitoka, pamoja na nauli na mafuta yake, bei itakuwa laki saba na elfu thelathini na nne."

"Na katikati hapo, nani atavisafisha?"

"Wasichana wenyewe. Nitakuja Jumamosi nne kuwafundisha kusafisha na kutia mafuta." Benedikta akatabasamu. "Hizo Jumamosi sijaziandika, Sista. Hazina bei. Nanyi mlinifundisha bure."

Sista alichukua kalamu akatia sahihi.

Kwa malipo ya mwanzo Benedikta alilipa kodi yote. Mwaka ule mota moja iliungua. Chuo kikanunua nyingine asubuhi, na jioni yake cherehani kikashona. Hakuna kilicholala zaidi ya siku moja. Wasichana walifanya mtihani wao, kila mmoja na cherehani chake.

Mwaka ulipokwisha, Benedikta alipeleka kanisani sadaka ya shukrani. Safari hii ilitoka kwenye faida yake. Kesho yake alifanya ishara ya msalaba, akafungua sanduku la vifaa, akawasha redio mpya.

"Alhamdulillahi!" Anifa akaita kutoka chumba cha pili. "Kwaya imerudi! Lakini punguza sauti, shoga, hata majokofu yangu yataanza kuimba."