Walisema Mwanangu Kahamia Unguja

"Mama, hapa pameandikwa mtoto kahamia Unguja."

Ndivyo alivyonisomea binti wa ofisi ya serikali pale Al Khuwair, huku Uarabuni tunakoishi, faili mkononi. Na huyo aliyehamia Unguja yuko mbele yake, kwenye kiti cha magurudumu, paja limetiwa plasta!

Unguja! Rahma wangu hata kiwanja cha ndege hakijui...

Wasomaji wenzangu, nna miaka hamsini na mbili. Skuli niliishia darasa la nne, kwa hivyo mtanisamehe mwandiko. Lakini majina nitayataja. Simstahi mtu.

Mume wangu alifariki miaka ya tisini, akaniacha na Rahma katika nyumba ya ndugu zake: shemeji yangu Nassor na wifi yangu Zuwena. Rahma hatembei, hasemi. Kula nimlishe, kuoga nimbebe. Alipotimiza miaka kumi, mgongo wangu ukagoma. Daktari akasema lazima nipasuliwe, kisha nisinyanyue kitu miezi mitatu. Sasa nani atamnyanyua Rahma?

Ndipo nikasikia ipo nyumba inayowapokea watoto kama wangu kwa muda, mama apumzike, serikali inalipa. Masharti mawili tu: walii wa mtoto, yaani ami yake, atie saini, na watu wa ofisi waje wamuone mtoto kwao. Hawasemi siku gani. Nassor nilimbembeleza wiki nzima mpaka akatia saini. Nililia kwa furaha!

Nikangoja...

Siku moja wanawake wakaja kumposa Asila, binti yake Zuwena. Asubuhi wifi akanijia, chetezo mkononi, nyumba nzima inanukia udi.

"Wifi, Rahma mtie chumba cha nyuma, leo tu. Wakimuona watasema ukoo una ugonjwa. Nani atamchukua mwanangu?"

Nikakubali. Ndiyo, mimi mama yake, nilikubali! Ndiyo ada yetu. Wakija watu wa posa, mtoto kama huyu hufichwa kama nguo chafu.

Rahma anapenda mlio wa vikombe vya kahawa. Aliposikia vinagongana ukumbini, akacheka kwa sauti, kicheko chake kile cha kupaa... Nikamziba mdomo. Kwa mkono huu huu ninaoandikia! Akanitazama tu, machozi yanamtoka.

Kumbe saa ile gari ya ofisi imesimama mlangoni! Zuwena akatoka mbio, wageni wasije wakasikia. Faili linasema: shangazi wa mtoto kaeleza mtoto kapelekwa kwa bibi yake Unguja. Na chini yake ipo karatasi ya kuthibitisha kuwa mtoto kahama, waliyompelekea Nassor baadaye. Katia saini! Saini niliyoiombea wiki nzima, hii hakuombwa mara mbili.

Miezi minane nikawa namuuliza, "Shemeji, wale watu vipi?"

"Subira, shemeji. Ofisi za watu hazendi mbio."

Na mimi nambeba. Mpaka siku ile bafuni mgongo ukanikatikia, tukaanguka sote wawili, yeye chini, mimi juu yake. Niliusikia mfupa wa paja la mwanangu ukivunjika... Mmewahi kusikia mlio huo? Mungu asiwasikizishe!

Ofisini tukaanza upya, nikapasuliwa nimeshachelewa. Leo natembea nimepinda, na paja la Rahma halikunyooka tena.

Mama mwenzangu, usimfiche mwanao! Posa ya kuvunjika na ivunjike. Ukimficha kwa wageni, umemficha na kwa aliyekuja kumsaidia.

Rahma sasa hukaa ukumbini, karibu na vikombe. Kila mgeni huanza kwa kumsalimia yeye. Nassor, Zuwena, nyinyi mnampita mkiangalia ukuta. Leo kaeni hapo mbele yake, mumjibu: Unguja alikwenda lini? Nani alimpeleka? Na nani alimpokea?