Usijimiminie Mwenyewe

Tokuji Hanawa alikunywa kikombe chake cha kwanza cha sake, pombe ya mchele ya mtaa wa Fushimi, Kyoto, kama mtu anayemeza dawa ya minyoo. Alifumba macho, akakibinua chote, akakohoa mpaka kofia ikamwanguka.

"Maskini," ilisema sauti ng'ambo ya meza. "Nani anakukimbiza?"

Ilikuwa siku ya kuonja. Barabara ya maduka ya Otesuji ilikuwa imefurika watu, harufu ya mikunga wa kuchoma ikigombea hewa na mvuke wa chupa zilizopashwa moto. Aliyesema alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa koti fupi la rangi ya nili lenye nembo ya kiwanda mgongoni, mashavu yamemwiva kwa baridi. Tokuji alikuwa ametoka nyumbani kununua samaki. Samaki walisahaulika hapo hapo.

"Hakuna anayenikimbiza," alijibu, akanyakua guduria ya udongo ajimiminie cha pili, aonekane mwanamume.

Mwanamke alimpiga kofi mkononi. "Weka chini! Sisi hatujimiminii. Anayejimiminia ni mtu asiye na mtu."

"Basi hujakosea, dada. Mimi sina mtu."

Foleni nzima ikacheka. Mwanamke akacheka pia, akammiminia.

"Haya, mwanafunzi. Kikombe kwa mikono miwili. Pua kwanza, ulimi baadaye. Unasikia nini?"

Tokuji akanusa kwa bidii. "Ndizi mbivu. Nani ametia ndizi humu?"

"Hakuna ndizi. Ni mchele, maji na ukungu wetu. Punje imesuguliwa mpaka kikabaki kiini, ndiyo maana inanukia matunda. Hii inywe ya baridi. Ile pale mchele wake haukusuguliwa sana, ina ladha ya wali wenyewe. Hiyo ipashe moto, unywe na samaki wa kuchoma siku mvua inapokuonea."

"Na haya maji?"

"Funda la sake, funda la maji. Anayedharau maji leo, kesho asubuhi atayaomba kwa machozi."

Jina lake lilikuwa Misuzu Kitaoka. Alifanya kazi katika chumba cha koji, yaani ule wali unaooteshwa ukungu mtamu, ambao bila huo sake haizaliwi. Msimu ule, kwa mara ya kwanza, fundi mkuu, Mzee Onodera, alikuwa amemkabidhi tangi lake mwenyewe.

"Likiharibika, narudi kuosha chupa mpaka nizeeke," alisema. "Na wewe unafanya kazi gani?"

Hapo Tokuji alikishusha kikombe. Alikuwa mtu wa mji wa Mito, na kwao ni watengenezaji wa natto tangu babu wa babu: soya iliyochachushwa mpaka inateleza kuliko bamia na kunuka kuliko soksi. Kule Mito, natto ni fahari. Hapa Kyoto, ukiitaja tu, watu hurudi nyuma hatua moja kwa adabu.

"Natengeneza vitu vya soya," alisema.

"Aa, tofu!"

Tokuji hakukubali wala hakukataa. Alikunywa maji.

Mapenzi yakaanza hivyo, juu ya tofu isiyokuwapo. Kila jioni walikutana katika kibanda cha vinywaji karibu na mfereji, yeye akimmiminia Misuzu, Misuzu akimmiminia yeye. Alijifunza kwamba ukitosheka unakiacha kikombe kimejaa, na kwamba kikombe kitupu ni ombi.

"Mpenzi," Misuzu alimuuliza siku moja, akimnusa kiganja, "mbona kila siku unanuka ndimu? Tofu gani hiyo?"

"Usafi, mpenzi. Usafi ni nusu ya tofu."

Baridi ilipoingia, Misuzu akawa adimu. Walianza kupika mchele kiwandani, akalala huko huko. Kuhusu natto Misuzu hakumwambia Tokuji neno, na angemwambia kwa nini? Huko kiwandani kila mtu anajua kwamba msimu wa kupika mchele, natto hailiwi, haiguswi, hata haitajwi kwa sauti. Kumweleza mtu mzima jambo hilo ni kama kumwambia asikanyage mikeka na viatu. Lakini Tokuji alikulia upande wa pili wa katazo. Alijua kila kitu kuhusu natto, isipokuwa nani anaiogopa.

"Nimechoka, Toku," Misuzu alimwambia kwenye simu. "Nakula wali na achari tu. Nguo zinanipwaya."

Moyo wa Tokuji ukamruka. Wali mtupu! Na yeye amekaa juu ya chakula kinachowainua wagonjwa kitandani! Akaamua kumaliza uongo na njaa kwa pigo moja. Alitengeneza natto bora kuliko zote alizowahi kutengeneza, akaifunga katika mabua ya mpunga kama wahenga wake, akatia utepe mwekundu. Akavaa koti lake la harusi za watu, akaenda kiwandani.

Chini ya tufe la majani ya mwerezi, alama ya kiwanda cha sake, linaloning'inia mlangoni alisimama Mzee Onodera, mfupi, mkavu, nyusi kama brashi mbili. Pua yake ilianza kucheza kabla macho hayajaona.

"Umebeba nini, kijana?"

"Natto, mzee wangu. Ya mkono wangu mwenyewe. Ya Misuzu."

Mzee Onodera alipiga yowe ambalo hata nyoka hapigiwi.

"Fungeni madirisha! Leteni maji ya moto! Mdudu wa natto! Akiingia kwenye koji, wali wote unakuwa kamasi!"

Madirisha yakafungwa pa-pa-pa. Maji yanayochemka yakamwagwa kizingitini. Tokuji alirudi kinyumenyume, ufagio wa mzee ukimfuata kifuani, utepe mwekundu ukipepea. Dirisha moja la juu likabaki wazi kiasi, na Misuzu akatoa kichwa chenye kofia nyeupe.

"Tokuji! Tofu iko wapi?"

"Mimi sikusema tofu! Ulisema wewe!"

"Na juzi ulinishika nywele!"

"Nilinawa!"

"Kwa ndimu!" Dirisha likafungwa kwa kishindo.

Jioni Tokuji alipiga simu. Ililia sana kabla haijapokelewa.

"Mzee amenitoa chumba cha koji," Misuzu alisema, sauti imemkauka. "Anasubiri kuona kama wali wangu utateleza. Ukiteleza, tangi nitanyang'anywa."

"Nisamehe, mpenzi. Sikujua."

"Kutojua nakusamehe. Lakini ulinitazama usoni, ukanywa maji. Usije. Na usipige. Hata simu yako naiona inateleza."

Tokuji alitii, maana hilo ndilo pekee aliloweza kumfanyia. Kiti cha Misuzu kibandani kilikaa kitupu majira yote ya baridi. Tokuji alijimiminia mwenyewe, na kila kikombe kilimwambia ukweli ule ule.

Maua ya mplamu yalichanua. Viwandani wakapika mchele wa mwisho, wakalilaza pipa la mvuke ubavuni kuonyesha msimu umekwisha, na katazo likaisha. Asubuhi iliyofuata Tokuji alifungua duka lake dogo, akamkuta mteja amesimama mlangoni, tai shingoni, nyusi zimechanwa. Mzee Onodera.

"Unayo ile ya mabua?"

"Mzee?"

"Usinitumbulie macho. Kila mwaka huiota msimu mzima. Siku ile nilipiga yowe kwa sababu mbili, na ya pili ilikuwa njaa."

Tokuji alimpa furushi. "Na tangi la Misuzu?"

"Muulize mwenyewe. Yule pale, anajifanya anachagua vitunguu."

Misuzu aligeuka kutoka duka la jirani. Alivaa gauni la rangi ya majani machanga, nywele ameziachia, na kwapani alikuwa na chupa isiyo na lebo.

"Wali haukuteleza," alisema. "Nilirudishwa chumbani. Hii ndiyo ya kwanza kutoka tangi langu. Nilitaka uionje wewe kabla ya watu, halafu nikakumbuka nimekukasirikia. Nimezunguka hivi vitunguu tangu alfajiri."

"Ningesema natto siku ya kwanza, ungebaki?"

"Ningekwambia: karibu, lakini wakati wa baridi kaa mbali. Basi! Badala yake nimekufahamu kwa ufagio."

Walikaa juu ya makasha ya soya, vikombe viwili katikati. Kwa mazoea ya upweke Tokuji akanyoosha mkono kuichukua chupa. Kofi likatua pale pale lilipotua siku ya kwanza.

"Hujajifunza?"

"Nimejifunza, ndiyo maana naomba," alisema Tokuji. "Misuzu, tuoane. Nisijimiminie tena. Kila mwaka mkianza kupika, natto naiachia nyumbani Mito, kwa dada yangu. Mimi nitabaki hapa nauza kitu kingine."

"Kitu gani?"

Tokuji alimtazama usoni, na safari hii hakunywa maji.

"Tofu."

Misuzu alicheka mpaka akashika ubao wa duka asianguke. Mzee Onodera, nyuzi za natto zikimning'inia kidevuni, alitikisa vijiti vyake.

"Mmiminie, binti, kabla hajatunga kingine!"

Misuzu akammiminia mpaka ukingoni. Tokuji alishika kikombe kwa mikono miwili, akapeleka pua kwanza, kisha akanywa kwa mafunda matatu, kama wanavyokunywa maarusi wa kwao siku ya ndoa. Alipomaliza, akaichukua chupa, akakijaza kikombe cha Misuzu, ambacho kilikuwa kitupu, kinasubiri.