Wa Saba

Jua lilikuwa linazama Bwana Afya alipofika nyumba ya mwisho ya mtaa. Jina hilo la Bwana Afya walimwita mbele yake. Majina ya nyuma ya mgongo wake hayaandikiki. Tangu tauni iingie mjini alivunja milango, akachoma mikeka, akapeleka watu karantini wasirudi. Jioni hiyo alikuwa anahesabu watu na kuandika idadi mlangoni kwa chokaa, ili kesho akikuta pungufu ajue kuna maiti imefichwa. Hata mlango wake mwenyewe aliuandika asubuhi: tatu. Yeye, mkewe, na binti yao wa pekee, roho yake.

"Mko wangapi?"

"Sita," akajibu bibi mwenye nyumba, bila kumkaribisha.

Akawapanga ukutani, akainua taa. Chumba kilinuka panya aliyeoza.

Saba.

"Bibi, usinifanye mtoto."

"Tuko sita."

Akahesabu tena, akimgusa kila mmoja begani. Bega la saba lilikuwa dogo, limelowa... baridi. Mtoto wa kike, kainamisha kichwa.

"Unamgusa nani?" bibi akanong'ona.

Woga ulimpanda, ila ubishi ulimzidi. Akachovya brashi, akaandika saba.

"Futa, mwanangu. Huyo kaja na tauni. Kila jioni tunamkana. Anayemhesabu ndiye anayehama naye."

Likaingia sikio hili, likatokea lile. Akaenda zake.

Njiani akasikia hatua nyuma yake. Miguu peku, yenye maji. Chap... chap... Akisimama, zinasimama.

Kisha zikampita.

Hakuona mtu. Akatimua mbio mpaka kwake.

"Mtoto kashalala na mwenzake," mkewe akasema.

"Mwenzake nani?"

"Si huyo uliyemtanguliza? Kaja kalowa chepechepe. Anasema umemwandika."

Akauangalia mlango. Nne. Mwandiko wake mwenyewe, chokaa haijakauka.

Ndani binti yake akaita, "Baba, huyu ana baridi..."

Alipaswa kuingia. Lakini ndiye yule yule wa chokaa na idadi. Akafuta nne kwa shati lake, akaandika tatu.

Ndani kukawa kimya.

Asubuhi wakaguzi wenzake walikuja kuhesabu. Hesabu ilikuwa sawa: watu watatu. Bwana Afya, mkewe anayelia, na mtoto wa kike aliyeinamisha kichwa, nywele zikichuruzika maji sakafuni.