Kiti Kipya cha Zulma

Siku walipokutana, Heber na Zulma walikuwa wameng'ang'ania taa moja ya gari, kila mtu upande wake, katikati ya msongamano wa soko la Jumapili la Tristán Narvaja, Montevideo.

"Achia, bwana. Nimeiona kwanza."

"Wewe umeiona, mimi nimeishika. Ya nini kwako, mama? Ya kupamba sebule?"

"Ya Chevrolet yangu ya mwaka thelathini na nane."

Heber, fundi wa viti na katibu wa klabu ya magari ya kale, aliiachia kama imemuunguza. Gauni la maua ya njano, macho ya uchokozi, na juu ya hayo Chevrolet! Wengine Mungu huwapa wali, nyama na kijiko.

Zulma akajiunga na klabu. Kila mwezi msafara wa magari ishirini ulifuata pwani, honi zikilia, na walipotua, kibuyu cha mate, chai chungu ya majani ya kwao, kilipita mkono hadi mkono. Mapenzi yakaota humo humo. Kasoro ilikuwa moja tu, machoni pa Heber: kiti cha dereva cha Zulma kilikuwa kimebonyea kama sahani.

"Baba aliendeshea teksi hapo miaka thelathini," Zulma alimwambia. "Nikikaa, nakaa alipokaa."

Heber alisikia kwa sikio la fundi. Akasikia springi zilizovunjika.

Septemba Zulma alikwenda Salto kwa dada yake, akamwachia gari alitunze. Heber akajifungia karakanani siku tano. Ngozi ya rangi ile ile ya kiwandani, springi mpya, mshono wa mkono hadi vidole vikavimba. Mfukoni alikuwa na pete, ya kutoa kwenye msafara wa Oktoba.

Zulma aliporudi alifungua mlango wa gari, akarudi nyuma hatua moja.

"Kiko wapi?"

"Nini, kipenzi?"

"Kiti."

"Si hicho! Kaa uone raha."

"Heber. Cha zamani kiko wapi?"

"Gari la taka lilipita... Jumanne."

Alikaa. Akapapasa ngozi taratibu, akitafuta lile bonde. Springi zikamwinua.

"Kinanisukuma kama mgeni," alisema, akawasha gari, akaondoka.

Heber alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikapokewa.

"Zulma, nilitaka kukufurahisha."

"Najua, mpenzi. Ndiyo maana hata kukutukana nashindwa. Ungekuwa mwizi, ningelala usingizi."

Msafara wa Oktoba ulitua Piriápolis, mji wa pwani. Mwenyekiti wa klabu, don Ademar, alichungulia ndani ya Chevrolet akapiga mluzi.

"Zulma! Kama kimetoka kiwandani jana!"

"Ndiyo ubaya wake, don Ademar."

Heber, shati jeupe na tai iliyopinda, alimvuta pembeni, kwenye ukuta wa bahari. Akafungua kiganja chenye pete.

"Zulma, utakubali nikuoe?"

Alimnyooshea tai kwanza, kwa upole uliomuumiza kuliko kofi.

"Kumbe kuuliza unajua! Ungeniuliza neno moja tu mwezi uliopita, leo ningekuwa nalia kwa furaha."

"Nimekosa. Nitauliza kila kitu. Hata chumvi nitauliza!"

Alicheka, machozi yakimlenga. "Utauliza, kwa mwaka mmoja. Halafu siku moja utanipenda sana, na utasahau. Heber, kila nikitoka nyumbani, nitarudi nikihesabu kilichobaki."

"Basi nisubiri?"

"Usisubiri. Tutaonana kwenye misafara. Chai yako ya mate bado nitakunywa."

Akamkunjia vidole juu ya pete, akaenda zake.

Don Ademar alipuliza filimbi ya kurudi mjini. Zulma alikuwa gari la tatu, Heber la nne. Kilomita mia moja za barabara nyeupe kwa jua zilikuwa mbele yao, na kwa kanuni za klabu, ambazo katibu aliziandika kwa mkono wake mwenyewe, gari la nne haliruhusiwi kulipita la tatu, wala kubaki nyuma likalipoteza machoni.