Glavu za Laurence

Katika mtaa wa Nengo, mjini Gisenyi, asubuhi huanza na moshi wa makaa. Umuhire aliinjika uji, akateka maji, akamwamsha mumewe. Kisha alimtilia vidonge mkononi na kumtazama mpaka avimeze vyote. Hakuondoka kabla ya hapo, hata jirani akimwita.

Mumewe aliitwa Bizumuremyi. Alikuwa dereva wa shirika la misaada mpaka figo zake zote mbili zilipokufa. Mwanzoni mwa mwaka 1999 shirika lilimpeleka Nairobi. Huko madaktari walimpandikiza figo moja ya dada yake Kabatesi, mwanamke mfanyabiashara wa Goma, mji wa jirani ng'ambo ya mpaka.

Mwili ni mlinzi mkali. Ukiona kitu cha mtu mwingine ndani yake, hukipiga. Vile vidonge vilimtuliza mlinzi huyo ili aiache figo ya Kabatesi. Lakini mlinzi aliyetulizwa husinzia hata wezi wanapokuja.

Mwezi wa sita mwizi alikuja. Bizumuremyi alishikwa na homa, akahara, akakosa nguvu hata za kuvaa viatu. Damu yake ilipelekwa Kigali kupimwa. Jibu likarudi: ana virusi viitwavyo CMV. Watu wengi huishi navyo bila kujua. Lakini kwa mtu aliyepandikizwa figo vinaweza kuiua figo, na mtu mwenyewe pia.

Dawa yake, gansiklovia, iliagizwa Nairobi. Si dawa ya kudungwa matakoni. Huchanganywa na maji ya dripu na kuingia kwenye mshipa pole pole. Watu wa Gisenyi huiita dripu serumu. Basi Bizumuremyi akalazwa hospitalini, na Umuhire akawa gadi-malade wake, yaani ndugu wa kumlisha, kumwosha na kukaa naye.

Muuguzi wao alikuwa mwanamke aitwaye Laurence. Alikulia Kigoma, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata watu wakamtania kwa kumwita Mutanzania. Kila alipoleta dawa ya Bizumuremyi alivaa koti refu, miwani na glavu. Wagonjwa wengine hakuwavalia hivyo.

Kwenye kitanda cha pili alilala bibi mmoja aliyeuguzwa na binti yake, Nyirabagenzi. Binti huyo alikuwa na macho makali na mdomo mwepesi.

"Yewe!" alinong'ona, kwa sauti iliyofika mlangoni. "Mama yangu hawamuvalie ile vitu yote. Ile ni SIDA tu."

SIDA ni UKIMWI. Siku zile neno hilo lilitosha kuwafanya watu wakuhame kwenye benchi. Na hata ingekuwa kweli, mgonjwa wa UKIMWI si mtu wa kunong'onwa. Lakini ulimi hauna mfupa.

Bizumuremyi alisikia, na aibu ikamwingia. Kuanzia siku hiyo alitaka jambo moja tu: serumu iishe kabla wageni hawajaingia. Asubuhi moja Laurence alitundika dawa, akarekebisha kigurudumu kidogo cha kwenye mpira wa dripu, kile cha kupunguza mwendo wa dawa, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Bizumuremyi alinyoosha mkono na kukifungua chote.

"Unafanya nini?" Umuhire aliuliza.

"Iende mbio. Wageni iko karibu kuingia. Sitaki wanione na ile mavazi ya muganga."

"Muganga alisema pole pole!"

"Muganga hana haya yangu."

Aligeuka ubavu ili auinamie mpira na kuuficha. Mpira ukavutika, ukachomoka. Dawa ikamwagika kwenye shuka na sakafuni. Umuhire hakufikiri mara mbili. Alifungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akaanza kufuta kwa mikono mitupu.

"Acha! Umuhire, acha!"

Laurence alikuja mbio. Alifunga kigurudumu, akamwita mwenzake amwangalie mgonjwa, akamvuta Umuhire mpaka kwenye bomba.

"Nawa kwa sabuni. Endelea. Bado."

"Niache!" Umuhire alisema huku akilia. "Ni bwana yangu. Siwezi kumuhudumia na glavu kama mutu wa laana. Ni wewe ulituletea hii haya, na ile glavu yako!"

Laurence alimwongezea sabuni mkononi.

"Nisamehe, dada," alisema. "Ningewaeleza siku ya kwanza. Glavu si kwa sababu ya mumeo. Yeye mshike, mlishe, laza mkono wako kifuani pake. Glavu ni kwa sababu ya dawa. Dawa hii inapigana na virusi, lakini ni kali. Ikigusa ngozi au macho inaweza kuunguza. Inaweza kupunguza chembe za damu. Na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwanamke mwenye mimba haichanganyi, haigusi, wala hafuti iliyomwagika."

Mikono ya Umuhire ilisimama chini ya maji.

Kwetu mwanamke hatangazi mimba mapema. Huogopa midomo ya watu na macho yao. Huingoja mpaka ijitangaze yenyewe. Desturi hiyo ina heshima yake, lakini siku ile ilikuwa hatari.

"Una mimba?" Laurence aliuliza kwa sauti ya chini. "Mficha uchi hazai."

"Iko," Umuhire alijibu. "Hata yeye sijamwambia." Kisha akamshika Laurence mkono. "Mutoto atakufa?"

"Sitakudanganya. Umegusa kidogo, na umenawa papo hapo. Hatari ni ndogo. Lakini siwezi kukuapia. Leo hii daktari ataambiwa, na utaanza kliniki ya wajawazito."

Umuhire alilia kwa hofu. Alilia pia kwa hasira, maana alidhani anaonyesha upendo.

Saa ya wageni Kabatesi aliingia kutoka Goma, bado amebeba mfuko wa bidhaa zake. Umuhire alimweleza yote mbele ya kitanda, na mimba pia. Bizumuremyi aliinua kichwa.

"Mimba?" alisema. "Umuhire, mimba?" Akajifunika uso kwa shuka.

Kabatesi hakumwonea huruma. "Toa ile shuka uniangalie! Mi nilikatwa tumbo Nairobi. Nilikupatia figo yangu, na we unafungulia dawa kama maji ya robine! Kama umeichoka, sema, waniregeshee."

"Nisamehe, dada yangu. Niliogopa watu."

"Watu ndio walikupa figo?"

Hapo Laurence akavuta kiti na kuwaeleza wote watatu. Dawa hii huingia kwa muda wa saa nzima. Ikiingia kwa haraka hugeuka sumu, na figo ndiyo huumia. Mgonjwa anywe maji kama daktari alivyoagiza. Damu yake ipimwe mara kwa mara, na daktari ndiye apunguze au asimamishe dawa. Homa mpya, koo kuuma, fizi kutoka damu au alama nyeusi kwenye ngozi, aseme siku hiyo hiyo. Mkono wenye sindano ukivimba au kuuma, amwite muuguzi papo hapo.

"Na ninyi wawili, mke na mume," aliongeza, "mtatumia kondomu mpaka miezi mitatu ipite baada ya dawa kuisha. Dawa hii huharibu mbegu za mwanamume."

Kabatesi alitazama dari kama mtu aliyeona mjusi. Ndiyo mara pekee waliyocheka siku ile.

"Bon," alisema. "Tangu kesho gadi-malade ni mimi. Sina mimba, na sitapata ingine. Glavu mutanipatia."

Umuhire alisimama. Alimgeukia Nyirabagenzi, aliyekuwa amesikia kila neno.

"Dada, bwana yangu iko na figo ya dada yake, na virusi ya CMV. Glavu ni ya dawa. Na mi iko na mimba. Sasa umejua yote, usijichoshe kuuliza."

Nyirabagenzi aliinama. Baadaye alimletea Umuhire chai ya maziwa, na hakunong'ona tena.

Wiki zilizofuata hazikuwa rahisi. Chembe nyeupe za damu zilishuka, na daktari akasimamisha dawa kwa muda. Familia ilikaa na hofu. Kisha chembe zikapanda, dawa ikarudi, na hakuna mkono wa mtu uliogusa kile kigurudumu isipokuwa wa muuguzi. Homa ikakatika. Kipimo cha mwisho kutoka Kigali kilisema virusi havionekani. Figo ya Kabatesi ilikuwa inafanya kazi.

Lakini Umuhire hakulala vizuri mpaka mwaka ulipogeuka. Kila mtoto alipotulia tumboni, alijishika tumbo na kuomba Mungu.

Mwanzoni mwa mwaka mpya alijifungua mtoto wa kike. Kabla ya kumnyonyesha alimfunua na kumkagua mwili mzima: vidole, masikio, mgongo, kaakaa la mdomo. Alimgeuza akamkagua tena. Mkunga alimwacha amalize. Kisha Umuhire akalia kwa sauti kubwa kuliko ya mtoto.

Bizumuremyi alisukuma mlango. Uso wake ulikuwa umekauka kwa woga.

"Iko muzima?"

"Kuja ujionee," alisema Umuhire. "Lakini nawa mikono kwanza."