Kurasa Zilizoshikana

Kila siku, akishaosha vyombo vya mchana, Dorcas Pettifer alivuka mtaa wao mjini Norwich, Uingereza, kwenda kumsomea Bibi Thirkell. Zamani bibi huyo alikuwa mwalimu. Sasa hakuona tena, lakini hamu ya vitabu ilikuwa palepale. Kabati lake lilijaa vitabu vya safari, vya nyota, na zile hadithi ndefu za mtindo mpya ambazo London nzima ilikuwa ikizizungumzia.

Jumatatu moja alimkabidhi Dorcas kitabu kipya, pamoja na kisu cha mfupa cha kukatia kurasa, maana enzi hizo vitabu vilitoka dukani kurasa zake zikiwa bado zimeshikana.

"Kakisome nyumbani," alisema. "Ijumaa wenzangu wanakuja kunywa chai. Utueleze wewe umekionaje. Ukifanya vizuri, ufunguo wa kabati nakupa."

Ufunguo! Dorcas alirudi nyumbani akirukaruka. Lakini wiki hiyo wachezesha vikaragosi walifika uwanjani, na mtoto gani angebaki ndani? Ijumaa ikafika, kitabu kiko vilevile mezani. Bahati yake, au ndivyo alivyodhani, baba yake alirudi kutoka mkahawani na gazeti ambamo mhakiki mmoja alikuwa amekichambua kitabu hichohicho. Dorcas akayakariri maneno yake yote.

"Utaumbuka wewe!" rafiki yake Kezia alimwonya.

"Nani atajua? Bibi mwenyewe haoni."

Alasiri, mbele ya akina mama na vikombe vyao, Dorcas alinyoosha shingo. "Mwandishi ana akili iliyokomaa," alisema, "ila mwisho wa hadithi umelegea."

"Lo! Mtoto ana kichwa huyu!" mama mmoja alisema.

Bibi Thirkell alitabasamu. "Hebu nipe kitabu." Akapitisha kidole gumba pembeni mwa kurasa, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho. Tabasamu likamtoka. "Dorcas, mwanangu, huo mwisho uliolegea umeuchungulia kwa tundu lipi? Hakuna hata ukurasa mmoja uliokatwa."

Dorcas alitamani ardhi ipasuke immeze. Machozi yakamlengalenga. "Sijakisoma, Bibi. Nilikwenda kutazama vikaragosi. Niliyosema ni ya gazetini. Nisamehe."

"Kumbe!" yule mama aliangua kicheko. "Ndiyo maana mume wangu leo asubuhi kasema hayohayo, neno kwa neno!"

Wote wakacheka, hata Bibi. Kisha akamrudishia kitabu. "Kaa hapa karibu yangu. Kata, usome."

Dorcas alikata, akasoma. Alirudi kesho yake, na siku zilizofuata, mpaka akafika mwisho huku akipenga kamasi kwa kulia.

"Bibi, mwisho haujalegea hata kidogo!" alisema kwa hasira. "Ni mzuri mno! Yule mhakiki hajui kitu!"

"Labda yeye naye hakukata kurasa," Bibi alicheka. "Sikiliza, mwanangu. Siku hizi kila mtu anajigamba kwamba anatumia akili yake mwenyewe. Lakini huwezi kupima usichokisoma. Ukikiri hujui, utafundishwa. Ukijifanya unajua, utabaki na maneno ya wenzako."

Akauvua ufunguo uliokuwa shingoni mwake, akamwekea kiganjani.

"Haya, kachague kingine," alisema. "Na kisu usikisahau."